Sauti ya Dakika 3, Majibu ya Usiku Kucha: Kuhubiri kwa Simu Hapa Goma

Kamera ndiyo iliyonunuliwa kwanza. Zikafuata taa ya duara na mguu wa kusimamishia simu, halafu video ya mahubiri ya dakika 45 ikapandishwa Facebook Jumapili jioni. Waliotazama ni waumini wale wale waliokuwa kanisani asubuhi. Karibu kila kikundi cha uinjilisti wa mitandaoni hapa Goma, mashariki mwa Kongo, huanzia hapo, na sisi hatukuanza kwingine. Fedha ziliishia kwenye vifaa, na mtu tuliyekuwa tunamtafuta hakutuona. Huyo ni yule aliyeliacha kanisa tangu alipokimbia vita huko Masisi au Rutshuru, anayelala Mugunga au amebanana na ndugu zake Ndosho.

Hakutuona kwa sababu ya mega, yaani data ya intaneti. Live ya saa 1 yenye picha ya wastani, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, hula mega 450 hivi kwa anayerusha, na kila anayeitazama hadi mwisho naye hula kiasi hicho hicho. Video ya dakika 3, hata ukiiminya, hula mega 10 hadi 20. Sauti ya WhatsApp ya dakika 3 haifiki hata mega 1. Mama anayenunua mega za siku moja moja, na anayelipia hata kuchaji simu kibandani, hawezi kuzimalizia kwenye mahubiri yako. Sauti ataifungua, na ataisikiliza huku anachagua sombe, majani ya muhogo.

Kwa hiyo anza na sauti. Kamera itakuja baadaye, au isije.

Nyumba nyingi za hapa ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na paa ni mabati. Mbao hazirudishi mwangwi sana, hilo ni jema, ila zinapitisha kila kitu: jenereta ya jirani, pikipiki, redio, mtoto anayelia ng'ambo ya ua. Saa nzuri ya kurekodi ni saa 10 na nusu hadi saa 11 na nusu alfajiri. Mvua ikianza kupiga mabati, acha, rekodi kesho, maana hakuna programu itakayoiondoa bila kuiharibu sauti yenyewe. Tundika blanketi ukutani mbele yako, weka simu juu ya mto, shubiri moja kutoka mdomoni, na uisogeze kidogo pembeni ili pumzi ya herufi P na B isiipige moja kwa moja. Rekodi sekunde 10 za majaribio kwanza. Zisikilize kwa spika ya simu, tena simu ya bei ndogo, mlangoni, kelele za barabarani zikiwepo. Ukizisikiliza kwa ekuta (visikizi) masikioni utajidanganya, kwa sababu msikilizaji wako hana ekuta.

Andika kabla ya kusema. Maneno 300 hadi 350 yanatosha dakika 3 bila kukimbizana. Kosa kubwa liko mwanzoni kabisa: "Bwana Yesu asifiwe sana, wapendwa katika Kristo, mimi ni mtumishi wenu, kutoka kanisa fulani, chini ya uongozi wa..." Hapo sekunde 40 zimekwisha, na mtu amekwisha kuhamia sauti nyingine. Salamu zetu za kanisani ni nzuri kanisani, ambako watu wamekaa na hawaondoki. Kwenye simu anza na jambo lililo mezani kwake: "Mwezi umeisha. Mwenye nyumba amebisha mara mbili, na leo umejifanya haupo." Kisha andiko moja, si matatu. Kisha jambo moja tu kuhusu Yesu linalogusa hali ile. Maombi ya sekunde 20. Mwisho, njia ya kujibu: "Ukitaka tuombe pamoja, andika neno OMBI kwenye namba hii."

Lugha nayo ilitugharimu miezi. Tulisoma kwa Kiswahili cha kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na vijana wa mtaa wa Birere wakasema inasikika kama taarifa ya habari. Tukageuka, tukasema yote kwa Kiswahili cha mtaani, "batu", "bintu", "ninakuya", na wazee wakaona tunalichezea Neno. Jibu tulilobaki nalo ni hili: andiko lisomwe kama lilivyo kwenye Biblia ambayo watu wanayo nyumbani, maana wengi wamekariri maneno hayo tangu shule ya Jumapili, na ukiyabadilisha wanadhani umekosea. Maelezo yafuate kwa mdomo wa Goma, jinsi jirani anavyoongea na jirani. Kifaransa kiache, isipokuwa neno ambalo kila mtu hulisema hivyo. Na kama kuna mwenzenu anayeongea Kinande, Kihunde au Kinyarwanda vizuri, sauti moja kwa wiki katika lugha hiyo itafika kwa bibi ambaye hakuna aliyemhubiria kwa simu.

Nyimbo: usiweke chini ya maombi wimbo wa msanii uliorekodiwa. Facebook huutambua na kuizima sauti yako, au kuiondoa video nzima. Kwaya yenu iimbe wimbo wake yenyewe, beti moja, bila kinanda, inatosha.

Kusambaza ndiko watu wengi wanakokosea bila kujua. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua namba 256, lakini ujumbe unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Vikundi vingi hutuma miezi mitatu vikishangaa kimya. Ndiyo maana ombi la kwanza kwa kila mtu mpya ni hili: "Hifadhi namba hii, iandike Neno la Asubuhi." Ukichukua namba za watu mahali fulani na kuzirushia ujumbe kwa mkupuo, wengi watabonyeza kuripoti, na akaunti itafungwa. Tena ni kukosa adabu, kama kuingia uani kwa mtu bila kupiga hodi.

Grupu huchukua hadi watu 1,024, na ukubwa huo unavutia. Tunashauri kwa nguvu: usianze nalo. Ndani ya grupu kila mtu anaona namba ya kila mtu. Binti akiandika ombi lake mchana, usiku anapigiwa simu na wanaume asiowajua, na mmoja wao atajiita nabii. Halafu watafika wauza bidhaa, wanasiasa, na mabishano ya Wakatoliki na Waprotestanti yasiyo na mwisho. Ukilazimika kuwa na grupu, liweke katika hali ya wasimamizi pekee kuandika. Lililo bora zaidi ni chaneli, ambayo WhatsApp iliileta mwaka 2023, kwa sababu wafuasi hawaonani namba. Stetasi nayo usiidharau. Inakaa saa 24, na mtu anayeona aibu kuuliza mbele ya wengine huijibu stetasi kwa siri, kwa neno moja tu, "Amen", au alama ya chozi. Neno hilo moja ni mlango. Lijibu.

Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kuandaa sauti ya dakika 3 huchukua saa 1 na nusu, basi. Kuwajibu watu waliosikia sauti hiyo huchukua wiki nzima, na hilo hatukulipangia kabisa mwanzoni. Ujumbe ulikuwa unaingia saa 3 usiku, saa 6, saa 8, kwa sababu huo ndio muda ambao watoto wamelala na mtu amebaki na mawazo yake. Baadhi yao tuliwajibu baada ya siku 4, na hawakuandika tena. Linauma hadi leo. Afadhali usirushe kitu chochote wiki hii kuliko kurusha na kuacha watu waliokujibu wakingoja.

Mpango uliosimama ni huu. Watu 5, namba 1 ya WhatsApp Business. Akaunti hiyo inaunganishwa na vifaa vingine hadi 4, kwa hiyo wajibu (wanaojibu ujumbe) hawaibebi simu moja kwa zamu wala hakuna anayezungumza na mtu gizani peke yake: wengine wanaona kilichoandikwa. Lebo tatu zinatosha: MPYA, TUNAMSINDIKIZA, AMEKABIDHIWA. Kila mmoja ana usiku wake, kuanzia saa 1 hadi saa 4. Baada ya hapo ujumbe wa moja kwa moja unasema ukweli: "Tumepokea. Mtu atakuandikia kesho kabla ya saa 3 asubuhi." Saa 3 asubuhi iheshimiwe kama saa ya ibada. Kila mjibu anapumzika juma moja kati ya manne, hagusi simu hiyo. Tuliona wenzetu wenye moyo mkubwa wakianza kukosa usingizi, wakiota habari za watu wengine, kwa sababu hakuna aliyewaambia waiweke simu chini. Mwanamke amjibu mwanamke, mwanamume amjibu mwanamume. Mtoto akiandika, watu wazima wawili waingie, na hakuna mkutano wowote naye bila mzazi au mlezi.

Jibu la kwanza ni fupi kuliko unavyodhani. Mtu ameandika: "Mungu alishanisahau." Mjibu mgeni hukimbilia kumtumia mistari 7 na mahubiri. Mtu huyo hajaomba mahubiri. Mwandikie kwa kumwita anavyoitwa mtaani kwake: mama, papa, yaya (dada au kaka mkubwa), ndugu yangu ikiwa hujui umri wake. "Mama, nimesoma ulichoandika. Pole sana. Ni tangu lini unajisikia hivyo?" Kisha nyamaza, mngoje. Akieleza, rudia kwa maneno yako ulichoelewa kabla ya kuleta Neno. Halafu Zaburi ya 13, ambayo ni mistari 6 tu, na mwenye kuomba ndani yake anamuuliza Bwana "hata lini" mara nne. Msomee kwa sauti yako, taratibu, usiitume kama picha yenye maua. Mtu akigundua kwamba Biblia yenyewe ina mtu aliyelia kama yeye, mara nyingi hapo ndipo anapouliza swali lake la kwanza kuhusu Yesu, na analiuliza mwenyewe.

Kuna ujumbe ambao maombi peke yake hayatoshi, na kila mjibu lazima aujue kabla hajapewa zamu. Aliyebakwa anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazifanyi kazi zikianza baada ya hapo. Hapa Goma kuna hospitali ya Heal Africa, Bukavu kuna ya Panzi, zote zinawahudumia wanawake hao. Mwambie hilo katika sentensi ya pili, si baada ya siku mbili za kumtia moyo. Usimuulize maelezo ya tendo lenyewe, na usimuulize alikuwa anafanya nini pale. Anayesema anataka kufa haachwi na ujumbe: anapigiwa simu hapo hapo, na unamtafuta mtu wa karibu naye wa kukaa naye usiku huo. Anayetumia dawa za ukimwi au kifua kikuu haambiwi aziache kwa imani. Sauti yoyote inayosema hivyo, hata ikitoka kwa mchungaji mwenye jina, haisambazwi.

Mkoa huu umeshaona gharama ya maneno. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020 iliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Mgonjwa wa kwanza aliyegunduliwa hapa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetokea Butembo. Wakati ule uvumi ulipita kwenye simu haraka kuliko chanjo. Na kila Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji, inapong'aa nyekundu usiku, sauti za unabii huanza kuzunguka: mji utaungua Ijumaa, nabii ameona. Waliokuwa hapa mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 ilipoamriwa kuondoka, wanajua watu wanakimbia vipi usiku na watoto wangapi wanapotea njiani. Kanuni yetu ni kavu: hatutoi tarehe, hatupitishi unabii wa mlima, wala wa vita, wala wa uchaguzi. Taarifa ya mlima hutoka kwa wataalamu wa volkano. Sisi tunaomba pamoja na watu waliokimbia, na tunawatafutia mahali pa kulala.

Picha ndilo jambo linaloweza kumdhuru mtu bila wewe kukusudia. Usipige sura za watu kambini ili kuonyesha huduma. Mwanamke aliyeonekana kwenye ukurasa wa kanisa akipokea unga anaweza kuwa anajificha kwa mtu fulani. Zima alama ya mahali (location) kwenye kamera, kwa sababu picha hubeba alama za ilipopigiwa. Angalia nyuma ya mtu: sare, kizuizi cha barabarani, bendera, gari la jeshi. Ukiona kimojawapo, futa. Ushuhuda tunauandika bila jina, bila kijiji, bila idadi ya watoto, na tunamsomea mwenyewe kabla haujatoka. Akisita hata kidogo, hautoki. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ukimya kuhusu mambo ya vita si woga. Mtu anayekuandikia kuhusu roho yake asije akaulizwa kuhusu siasa kwa sababu ya stetasi yako. Mazungumzo ya wajibu yako kwenye hali ya kujifuta baada ya siku 7, na daftari la ufuatiliaji lina herufi mbili za jina tu.

Akaunti yenyewe ilindwe. Uthibitishaji wa hatua mbili, tarakimu 6, uwekwe siku ile ile akaunti inapofunguliwa. Wezi hupiga simu wakijifanya katibu wa kanisa: "Nimetuma kodi ya WhatsApp kwako kimakosa, nisomee tarakimu zake." Ukiwasomea, namba imekwenda, na dakika 10 baadaye waumini wako wanaombwa fedha kwa jina lako. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili kwa uchache. Zipo kurasa za miaka mingi zilizopotea kwa sababu kijana mmoja aliyezifungua alihama mji na simu yake ikaibiwa.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi kwa sababu hakuna mawili. Namba inayopokea maombi ya watu isipokee fedha zao. Hakuna mbegu, hakuna sadaka ya kufungua kifungo, hakuna mafuta ya kuuza. Mtu akisisitiza kutoa, mwambie apeleke kwenye kanisa lake, mkononi, apewe risiti. Tuliandika hivyo juu kabisa ya wasifu wa namba: "Hatuombi fedha. Anayeomba kwa jina letu ni mwizi." Mega na unite (salio la kupigia simu) za wajibu 5 hulipwa na kanisa kila mwezi, zinaandikwa kwenye bajeti kama mafuta ya taa yalivyokuwa yanaandikwa zamani. Kikundi ambacho kila mjibu anajinunulia mwenyewe hufa mwezi wa tatu.

Rezo, yaani mtandao, itakatika, hilo lipange tangu mwanzo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takribani wiki 3. Sauti zote zihifadhiwe pia katika MP3, kwa sababu sauti ya WhatsApp haichezi kwenye simu ndogo za vibonyezo. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 3 ni mega 1 na nusu hivi, kwa hiyo kadi ya memori ya giga 4 inabeba zaidi ya sauti 2,000. Kadi kama hiyo ikiingia kwenye redio ndogo ya mshona nguo pale Virunga, inasikilizwa na kila anayengoja suruali yake. Rezo ikipotea, kadi zinazunguka, na Bluetooth bado ipo.

Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo tuliyoichelewesha zaidi. Mtu anaweza kukuandikia miezi sita, akaamini, akaomba, na bado hana mtu wa kumbeba akiugua. Simu haimzikii mtu mzazi wake. Kwa hiyo mapema, katika wiki ya pili au ya tatu, muulize anaishi sehemu gani, si avenyu, sehemu tu: Katindo, Himbi, Majengo. Muulize pia wazazi wake walisali wapi. Aliyekulia Ukatoliki mara nyingi ataanza tena kwa urahisi katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki, la mtaani kwao, na hatumvuti kwetu. Aliyetoka CBCA au CEPAC, makanisa ya Kiprotestanti, atafutiwe selule (kikundi kidogo cha sala) ya huko, ikiwa ndiko moyo wake uliko. Zungumza na kiongozi wa hapo kwanza, bila kumpa siri za mtu, umuulize jambo moja: nani atakaa naye Jumapili ya kwanza? Anatakiwa mtu mmoja mwenye jina, si "tutampokea". Mtu huyo anamngoja barabarani, si mlangoni, kwa sababu watu wengi hufika hadi uani, huona nguo za wengine, wakageuka.

Jumatatu mjibu anaandika: "Jana ilikuwaje, yaya?" Asipokwenda, haulizwi kwa nini, anaulizwa kama aende na mtu Jumapili ijayo. Akienda mara 4 mfululizo, lebo inabadilishwa kuwa AMEKABIDHIWA, herufi zake mbili zinakatwa kwenye daftari letu, na kiongozi wa selule anaijua namba yake kwa ruhusa yake mwenyewe. Sauti ya asubuhi ataendelea kuipata.